Barua ya wazi kwa wahariri wa kurasa za magari: tuleteeni fundi, bei tutaulizana wenyewe

Kwa: Wahariri wakuu, wamiliki wa magazeti na majarida, na wote mnaoamua kipi kichapishwe kwenye kurasa za magari, Tanzania na Kenya.

YAH: MAJARIDA YA MAGARI YA ZAMANI NA KINACHOKOSEKANA KWENYE KURASA ZENU

Ndugu wahariri,

Salaam nyingi kutoka Arusha. Ninaandika kwa niaba yangu na ya wenzangu kadhaa wenye magari ambayo majirani huyaita mikweche: Land Rover za 109, Peugeot 404 na 504, Volkswagen mgongo wa chura, Datsun 1200 za pikapu, na mwenzetu mmoja mwenye Morris Minor ambayo mkewe ameipa hadi Pasaka iwe imeondoka uani. Hatuna chama kilichosajiliwa wala fulana zenye nembo. Tuna gereji tunayokutana Jumapili, chai ya rangi, na rundo la majarida ya Kiingereza tuliyookoteza kwa wauza vitabu vya mtumba, mengine yakiwa yametoka Uingereza kabla baadhi yetu hatujajua kuendesha. Tunayasoma, tunabishana juu yake, tunayasifu na kuyasema vibaya. Na kila tukimaliza kubishana tunarudi kwenye swali lilelile: kwa nini hatujawahi kusoma kitu cha namna hii kutoka kwenu?

Kabla ya kuwalaumu ninyi, niseme tunavyowaona hao wa ng'ambo.

Waingereza wana jarida la Motor Sport tangu 1924, lilipoanza kwa jina la Brooklands Gazette. Bwana Bill Boddy alilihariri kuanzia 1936 hadi 1991, miaka 55 kwenye kiti kimoja. Alikuwa mtu wa misimamo, akiandika anachokiona, na wasomaji waliendelea kununua hata siku walizotaka kumpinga. Mwaka 1973 lilianza lile linaloitwa leo Classic Cars, 1980 likaja Practical Classics, 1982 Classic & Sports Car. Ukiyatazama majalada unaweza kudhani yote ni mamoja: gari limeng'arishwa, jua la jioni, nyumba ya mawe nyuma yake. Njoo ulione rundo letu ndipo utajua tofauti. Classic & Sports Car limekaa safi, pembe za kurasa zimenyooka, linasomwa na mtu aliyekwisha nawa mikono. Practical Classics limejaa alama za vidole vya oili, kurasa zimeachana, mengine hayana jalada. Kura ya wasomaji imekwisha kupigwa hapo, bila dodoso.

Sababu yake haina siri. Practical Classics linaonyesha gari likiwa limefunguliwa. Waandishi wenyewe wana magari mabovu, wanayatengeneza, yanawashinda, wanapiga picha boliti iliyokatika na kueleza walivyoitoa. Hatua baada ya hatua, picha baada ya picha. Wapo wenzetu wanaosema maandishi yake ni mepesi mno na utani umezidi. Kweli, utani wa Kiingereza mwingine hautufikii. Lakini ukiwa umelala chini ya gari, tochi mdomoni, huhitaji nathari tamu. Unahitaji kujua nati ile inafunguka upande gani.

Fundi wetu ni mzee ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya spea. Humpi makala akasome. Unaufungua ukurasa juu ya madigadi, unaubana kwa spana mbili usipeperuke, naye anafuata picha kwa kidole. Tulikuwa tunashughulikia ekseli ya mbele ya Land Rover ya Series III, pale kwenye tufe la chuma linaloruhusu tairi kugeuka, ambalo sili yake ikichoka oili inavuja nje. Kwenye jarida kulikuwa na picha kama nane hivi. Mzee akafika ya tatu, akarudi nyuma, akaenda ya nne, akacheka: "Hapa wameruka." Kweli, katikati ya picha ya tatu na ya nne kuna boliti iliyokuwa imeganda ambayo ghafla haipo, na hakuna anayesema imeendaje. Mwandishi amekata kwa grainda na hakutaka kusema.

Kisha maelezo yakashauri kwamba tufe likiwa na vishimo vya kutu, ulitupe, ununue jipya. Mzee akasonya. Yeye hulisafisha kwa petroli, akalikausha, akajaza vile vishimo gundi ya chuma, akaliacha likauke usiku kucha, kesho yake akalisugua msasa mnene, halafu mwembamba, halafu akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama mahali, anarudia. Usipokwama, anafunga sili mpya na badala ya oili anapakia grisi. Njia ya jarida ni sahihi kwa mtu ambaye spea inamfikia kwa posta siku mbili baada ya kupiga simu. Njia ya mzee ni ya mtu anayetakiwa Loliondo keshokutwa. Zote mbili zinafaa kuandikwa. Imeandikwa moja tu, tena na watu wasiojua Loliondo iko wapi.

Hapo ndipo penye hoja yangu, wahariri, na barua yote hii inazunguka papo hapo. Ujuzi wa magari ya zamani katika nchi zetu uko vichwani na mikononi mwa mafundi wenye umri wa miaka sitini na sabini. Hakuna jarida, gazeti wala kipeperushi kilichouandika. Kila mwaka tunazika baadhi yao, na ninyi mna kalamu, kamera na mitambo ya kuchapa.

Msije mkadhani ninazungumzia mbinu za kubabaisha za kuunga kwa waya. Chukueni Peugeot 404. Ilianza kutengenezwa 1960, umbo limechorwa na Pininfarina, injini yake imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti likae chini. Difu yake, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu, haina krauni na pinioni, ile jozi ya gia za meno ya magari mengi. Ni gia ya skrubu inayosukuma gurudumu la shaba nyeusi. Oili ya difu ya kawaida, yenye dawa za salfa, inaweza kuila shaba hiyo taratibu. Fundi wa zamani analijua hilo na anakuuliza oili unayotaka kuweka kabla hajakuruhusu kufungua kifuniko. Kijana aliyejifunzia kwenye Noah na IST hana wa kumwambia. Anamimina ileile aliyomiminia Land Cruiser asubuhi. Gari linaondoka zuri, linakuja kuanza kulia baada ya muda mrefu, na difu ya 404 siku hizi utaitafuta Ilala, utaitafuta Gerezani, utapiga simu Nairobi wakutafutie Kirinyaga Road, mwisho utaambiwa ipo moja na mwenye nayo amesafiri. Aya moja gazetini, mara moja, ingeokoa difu ngapi?

Majarida ya ng'ambo hayawezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yetu, hata yawe mazuri namna gani, kwa sababu yanaandikiwa hali ya hewa nyingine. Adui mkubwa wa gari Uingereza ni kutu: barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi kuyeyusha barafu, chumvi inapanda chini ya gari, na ndiyo maana kurasa nyingi ni za kukata bati bovu na kuchomelea jipya. Watu wa Tanga na Mombasa, wanaopigwa na upepo wa bahari, wanaelewana nao vizuri tu. Sisi wa huku bara shida yetu ni vumbi na mtikisiko. Barabara yenye mawimbi inalegeza kila nati, inapasua mabano ya springi, inavunja jani la tatu la springi wakati la kwanza liko zima, inakatakata waya za umeme ndani ya ala yake mahali usipopaona. Vumbi linaingia kwenye kabureta kupitia chujio lililochoka na kusaga silinda hadi ringi za pistoni zinacheza. Sijaona jarida la Uingereza lenye makala ya kurasa sita juu ya vumbi. Na mchana wa joto, ukiwa unapanda mlima taratibu nyuma ya lori, petroli inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, gari linazima. Madereva wa zamani walifunga kitambaa chenye maji kwenye pampu na kuendelea na safari. Kijana wa leo anaita gari la kuvuta.

Hata Land Rover, ambayo Waingereza wameiandikia kuliko gari jingine lolote la kazi, hawaioni tunavyoiona sisi. Wanarudia kila mara kisa cha 1948: chuma kilikuwa adimu baada ya vita, ndiyo maana bodi ikawa ya aloi ya aluminiamu, gari likazinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam mwezi Aprili. Sawa. Sisi tunataka kujua mahali aluminiamu inapokutana na chuma na kulika, na namna ya kuweka kipande cha mpira katikati ili isiendelee. Hilo wao hulipa mstari mmoja tu chini ya picha ndogo.

Sasa nije kwenye kurasa tunazozichukia, na hapa wenzangu hawakubaliani wote na mimi. Kurasa za bei. Kila jarida la magari ya zamani sasa lina orodha ya mnada: gari hili limeuzwa pauni kadhaa, lile limepanda, nunua sasa kabla hujachelewa. Mwenzetu mwenye 504 anazipenda, anasema zinampa heshima nyumbani. Mimi naona ndizo zilizoharibu starehe yetu. Gari likishageuzwa hisa za benki, mwenyewe anaogopa kuliendesha, na asiyekuwa nalo anaogopa kuliuliza. Na madhara yake yamevuka bahari. Mzee ana Peugeot imelala chini ya mwembe, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, injini haina hedi. Mjukuu anamwonyesha kwenye simu picha ya gari la namna hiyo lililouzwa mnadani Ufaransa, jipya kabisa, limepakwa rangi ya kiwandani. Tangu siku hiyo mzee hauzi chini ya bei ya kiwanja. Hauzi, hatengenezi, na miaka miwili baadaye anakuja mnunuzi wa chuma chakavu mwenye fedha taslimu na mzani, gari linakatwa vipande na kwenda kuwa nondo.

Hilo la chuma chakavu lisipite hivihivi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwetu Tanzania gari likiwa na umri mkubwa linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. Sibishani na sheria hizo leo, zina sababu zake. Ila maana yake kwa sisi ni moja: 404 zilizopo ndizo zilizopo. Likikatwa moja, hakuna meli inayoleta jingine. Ndiyo maana tunasema kurasa zenu zingekuwa na kazi hapa ambayo kurasa za Uingereza hazina. Kule wanaandika ili gari liuzwe ghali. Hapa mngeandika ili lisikatwe.

Mnaweza kuniuliza, mbona huwa mnaandika? Ndiyo, mnaandika, na tunasoma. Oktoba 2024 mji wetu huu ulijaa Land Rover kutoka kila upande, tamasha zima, foleni kutoka huku hadi kule. Zilikuwepo za Series zenye umri wa kustaafu zilizoingia kwa miguu yake zenyewe. Kesho yake nikanunua magazeti. Nikasoma idadi ya magari, majina ya viongozi, hotuba, hoteli kujaa wageni. Yote hayo yalistahili kuandikwa. Lakini hakukuwa na mstari hata mmoja, kwenye niliyoyasoma, kuhusu nani alizitengeneza gari zile hadi zikafika. Kuna watu pale walikuwa wameshusha injini wiki ile ile. Kuna fundi alikuwa anatembea na boksi la spana kwenye umati akiitwa huku na kule, na kamera zikimpita kwenda jukwaani.

Nairobi ni hivyohivyo. Kuna Concours d'Elegance, shindano la gari lililotunzwa vizuri kuliko mengine, iliyoanzishwa na wapenzi wa Alfa Romeo mwaka 1970, ambayo kwa miaka mingi imefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji wake huangalia gari hadi uvunguni. Wanajua kutafuta. Habari inayotoka huwa ni picha ya mshindi, kikombe, na bango la mdhamini, na maneno kwamba mashabiki walifurika. Ningetoa fedha yangu kusoma daftari la jaji: pointi zilikatwa wapi, kwa nini gari lililoonekana bora kwa macho lilishindwa na lililokuwa la kawaida, fundi rangi alikuwa nani na alitumia puti kiasi gani chini ya ile rangi.

Na mnakalia hazina. Maktaba zenu zina magazeti ya miaka ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati wa Pasaka watu walijipanga barabarani kuyaona. Mwaka 1963 walimaliza saba tu, na 1968 wakamaliza saba tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na Peugeot 404. Kati ya ushindi huo wa kwanza na wa pili, Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo PV544, na 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, pia na 404. Shankland alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Gari lililoshinda miaka minne kati ya sita ndilo lililokuja kuwa teksi na gari la abiria la mikoa yetu yote, na mmoja wa waliolishindia mara mbili aliishi nchini kwetu, na bado nikiwauliza vijana wanaoandika kurasa za magari wananitajia madereva wa Ulaya. Siwalaumu vijana. Hawajapewa faili. Anayeshika funguo za maktaba ni ninyi.

Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na utawala wa kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Wanafunzi wanapita, wanapiga picha, wanaondoka. Gari lile lina ukubwa gani wa injini, mara ya mwisho liliwashwa lini, matairi yake yanatoka wapi, nani analipaka nta? Mwandishi mmoja mwenye asubuhi moja ya kupoteza angetupa makala tutakayoikata na kuitunza.

Najua jibu lenu la kwanza: hakuna soko. Hata huko kwao majarida yanakufa. Ni kweli. Mwishoni mwa 2019 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kufunga majarida 19 ya magari kwa mpigo na kubakiza matatu, Motor Trend, Hot Rod na Four Wheeler. Yalikwenda Car Craft, Lowrider, Street Rodder, Mustang Monthly na mengine ambayo watu walikuwa wameyasoma tangu utotoni. Tulilisoma jambo hilo kwa makini kuliko mnavyodhani. Na wenye magari kule walisema nini? Wengi walilalamika kwamba majarida yao yalikuwa yamekwisha kufa kabla ya kuzikwa: kurasa zimepungua, makala zimekuwa matangazo ya vifaa yaliyovishwa nguo ya ushauri, gari lilelile limezungushwa majarida matatu ya kampuni moja. Msomaji akishagundua kuwa fundi kwenye picha anafunga shokapu fulani kwa sababu mwenye shokapu amelipia ukurasa wa pili, hamwamini tena hata akimwambia jua limechomoza.

Ugonjwa huo kwenu upo tayari. "Majaribio" ya gari jipya yanayoandikwa na mtu aliyekaa ndani yake kwenye duka la kuuzia, akasoma kipeperushi, akala vitafunio, akaondoka. Tunaujua mtindo. Ukiona makala inasifu vishikio vya vikombe katika aya ya pili, gari halikutembea.

Kinyume chake kuna Hemmings Motor News, jarida jingine la Marekani, lililoanza 1954. Kwa miaka mingi lilikuwa karibu lote ni matangazo madogo madogo: nauza kabureta, natafuta mlango wa kushoto, nina difu mbili nachukua moja. Hakuna mpangilio wa kuvutia, hakuna msanii. Lakini liliwalisha wenye nalo. Gerezani na Kirinyaga Road kuna watu wana stoo zenye spea mpya za magari ambayo kiwanda kilishaacha kuyatengeneza, bado ziko kwenye boksi zake, na wenyewe hawajui kuna mtu Mbeya anazilia. Kuna mafundi wa kukereza wanaoweza kukuchongea bushi yoyote ukiwapa mfano. Ukurasa wa matangazo madogo, kwa bei ambayo mwenye stoo haoni uchungu kulipa, ungejilipa wenyewe. Mnasema watu hao wako WhatsApp siku hizi. Wako, na mimi niko nao. Mtu anauliza swali zuri, anajibiwa vizuri na mzee mwenye ujuzi, kisha zinafuata salamu za Ijumaa, video ya mbuzi anayecheza, na tangazo la msiba, na jibu lile halipatikani tena. Mwezi ujao linaulizwa upya na mzee keshachoka kujibu. Kilichochapishwa unakikata, unakibandika ukutani gereji.

Hatuombi jarida zima. Karatasi ni ghali, tunajua, na jarida la kung'aa litaishia mezani kwa mapokezi ya hoteli. Tunaomba ukurasa mmoja kwa wiki ndani ya gazeti la kawaida, gazeti ambalo fundi analinunua au analiazima. Mkiona karatasi ni shida, toeni kurasa nane kwa simu, mtu alipie kwa M-Pesa kiasi cha soda, asome.

Ukurasa huo uandikwe Kiswahili, na kiwe Kiswahili cha gereji. Mwandishi asikae ofisini kutafuta istilahi ambazo hata aliyezitunga hazitumii akienda kubadilisha plagi. Akae kwenye debe lililopinduliwa, asikilize, aandike anavyosikia. Aandike jina la fundi, na mji wake. Kwenye majarida ya Kiingereza hata mtu aliyepaka rangi boneti anatajwa. Kwetu mwenye gari anatajwa na cheo chake, mwenye kulitengeneza anaitwa "mafundi". Atakayeandikwa jina lake gazetini atapata wateja, na vijana watakuja kumwomba awafundishe, jambo ambalo chuo cha ufundi chenye vitabu vya injini za kompyuta hakitafanya kwa kabureta.

Na apigwe picha mikono. Niwape mfano wa kazi ya dakika kumi ambayo nikiiona huwa nasimama hadi iishe. Gasketi ya kifuniko cha maji imepasuka, dukani hakuna. Mzee anachukua karatasi ngumu ya boksi, anailaza juu ya kifuniko kikavu, anashika nyundo ndogo yenye kichwa cha duara na kuanza kugonga ukingoni taratibu, tak, tak, tak, akizunguka. Ukingo wa chuma wenyewe ndio unaokata karatasi. Matundu ya boliti anayatoboa hivyohivyo, anaanza na mawili ya pembeni na kuchomeka boliti ili karatasi isihame, halafu ndiyo anamalizia mengine. Anapaka grisi kidogo, anafunga, anawasha. Hakupima kitu. Picha sita na maneno mia moja na hamsini zinamtosha kijana wa Singida kuifanya kazi hiyo kesho.

Mkituandikia hivyo, hata hao wanaopenda bei na rangi za kiwandani watapata chao. Mwenzangu wa 504 amenisisitiza niseme anataka historia ya kiwanda cha kuunganisha magari Mombasa, na rangi zilizotoka pale mwaka hadi mwaka. Mwingine anataka barua za wasomaji, ili apate mahali pa kumjibu mwenye Volkswagen anayedai injini ya kupozwa kwa upepo haichemki. Mimi nitasoma vyote. Lakini mkiwa na nafasi ya kitu kimoja tu, anzeni na wazee. Mmoja wa mafundi wa 404 tuliokuwa tukimtegemea Moshi macho yamempungua, sasa anatengeneza kwa kupapasa na mjukuu anamshikia tochi. Bado anaongea vizuri, na hachoki kuulizwa.

Gereji yetu iko wazi. Mtumeni mwandishi Jumapili yoyote, chai ipo, magari matatu au manne yatakuwa yamefunguliwa, moja linaweza hata kuwaka. Majarida ya Kiingereza tutawaazima, msituchanie yaliyobaki na majalada.

Wenu,
Mmoja wa wenye mikweche,
Arusha.

N.B. Mpigapicha wenu akija, tafadhali asiagize injini ioshwe kwanza kwa maji ya presha ili ipendeze. Maji yakishaingia kwenye distributa, gari halitawaka, na la kwanza uani ni la kwangu.